Maili Mia Juu ya Mawe: Mwongozo Kamili wa Mbio za Milimani za Colorado

Kokoto iliyonitoa kwenye mbio zangu za kwanza za maili mia haikuzidi punje ya mchele. Iliingia kwenye kiatu cha kulia mchana, tukiteremka penye mawe yaliyomeguka, nikajiambia nitaitoa kituoni. Kituoni kulikuwa na supu ya moto na watu wachangamfu, nikasahau. Ilipofika saa sita ya usiku kisigino kilikuwa kimechunika, nikawa nakanyagia ubavu wa mguu ili kukikwepa. Alfajiri goti la mguu wa pili, lililobeba mzigo usio wake, likagoma. Nilikabidhi namba yangu maili ya 71 nikiwa na pumzi ya kutosha na tumbo lisilo na shida yoyote. Kuitoa kokoto ile kungenichukua sekunde arobaini.

Tangu siku hiyo nimezimaliza mbio za aina hii zaidi ya mara moja, na sijawa mwepesi kuliko nilivyokuwa. Nilichojifunza ni kusimama mapema. Karibu kila kitu utakachosoma hapa chini ni namna ya kulishughulikia tatizo likiwa bado dogo, kabla mlima haujalikuza.

Hatua ya 1: Chagua mbio, kisha piga hesabu

Maili mia ni kilomita 161, lakini umbali huo wenyewe haukuambii mengi. Chukua mbio mbili za jimbo la Colorado, Marekani, zote katika safu ya Rocky. Leadville Trail 100, iliyoanza mwaka 1983, huanzia katika mji ulio mita 3,094 juu ya usawa wa bahari. Unakwenda na kurudi kwa njia ileile, kwa hiyo unavuka kipito cha mlimani kiitwacho Hope Pass mara mbili, karibu mita 3,840. Una saa 30. Sehemu kubwa ya njia inakimbilika, na ndiyo sababu wengi huponzwa: wanakimbia kila panapokimbilika mpaka miguu inaisha.

Hardrock 100 ni mnyama mwingine. Ilianza mwaka 1992. Inaanzia na kuishia katika mji wa Silverton, ikizunguka milima ya San Juan kupitia miji ya Telluride, Ouray na jirani ya Lake City, na kila mwaka mzunguko hugeuzwa upande. Utapanda jumla ya mita 10,000 hivi na kuzishuka zote. Wastani wa kimo cha njia ni kama mita 3,350, na kilele cha Handies kinafika mita 4,282. Muda wa mwisho ni saa 48. Nafasi ni chache, hazifiki hata 200, zinagawanywa kwa bahati nasibu, na hata kuiingia bahati nasibu hiyo lazima uwe umemaliza mbio ngumu inayokubalika. Kwa hiyo anayeanza aanze kwingine. Anayeota Hardrock ahesabu miaka.

Sasa hesabu. Kilomita 161 kwa saa 48 ni kilomita tatu na kidogo kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni akipiga soga. Inaonekana rahisi mpaka uhesabu vituo. Ukipita vituo 13 na kukaa dakika 15 kila kimoja, umeketi kwa saa tatu na robo. Hakuna mazoezi yatakayokupa saa tatu. Kiti kitakunyang'anya saa hizo bila wewe kujua.

Andika kwenye karatasi, kwa kila kituo: umbali kutoka kilichopita, mita za kupanda, mita za kushuka, muda wa mwisho wa kituo hicho, na saa unayotarajia kufika. Ifunike karatasi kwa mkanda wa plastiki isilowe. Usiku ubongo ukigoma kujumlisha, karatasi itakujumlishia.

Hatua ya 2: Miezi sita ya mazoezi

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye tayari anakimbia kama kilomita 50 kwa wiki bila maumivu na ameshamaliza angalau mbio moja ya kilomita 50. Kama hujafika hapo, jipe mwaka mzima badala ya miezi sita.

Wiki nane za kwanza ni za kujenga msingi: mwendo wa polepole, ule ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, ukipanda taratibu kufikia kilomita 70 au 80 kwa wiki. Kila wiki ya nne punguza ili mwili upone. Hakuna la ajabu hapa, na wanaoumia huumia kwa haraka zao.

Wiki kumi na mbili zinazofuata ndizo zenyewe. Acha kuhesabu kilomita, anza kuhesabu saa na mita za kupanda. Jumamosi toka saa tano au sita mlimani, Jumapili rudi tena saa tatu au nne kwa miguu iliyochoka. Siku hizo mbili zilizofuatana zinafundisha kuliko siku moja ya saa tisa, na hazikuvunji kwa kiasi hicho. Zikibaki wiki sita hivi, ingia mbio ya maili 50 au kilomita 100. Hiyo ni maabara yako ya chakula, viatu na taa, wala usiihesabu kuwa shindano. Wiki tatu za mwisho punguza mzigo, wiki kwa wiki, ufike ukiwa na hamu.

Mambo mawili ndani ya mazoezi hayo yanahitaji kusemwa kwa kirefu.

La kwanza ni kutembea. Mlimani utatembea kuliko utakavyokimbia. Hata walio mbele kabisa hutembea miinuko mikali. Lakini kuna kutembea na kutembea. Jifunze kupanda kwa kasi, mgongo ukiinama kidogo kuanzia kwenye nyonga na si kiunoni, ama viganja vikisukuma mapaja ama fimbo mbili zikisukuma ardhi. Fimbo zinataka mazoezi yake. Mtu anayezishika mara ya kwanza siku ya mbio ataumwa mabega kabla ya jua kuchwa. Huna mlima karibu? Ngazi za jengo refu zinafaa, na mashine ya kukimbilia iliyoinuliwa hadi asilimia 15 inafaa pia, ingawa inachosha akili.

La pili ni kushuka, na hapa ndipo mbio za maili mia huvunjikia. Unaposhuka, misuli ya mapaja inavutika huku imekaza ili kukuzuia usianguke. Kazi hiyo huichanachana misuli kwa ndani. Mita elfu chache za kushuka zinatosha kumfanya asiyezoea ashuke kinyumenyume siku ya pili. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza upesi: ukiiumiza kidogo kwa mteremko mrefu, ikapona, mara ijayo haiumii kwa kiasi kile, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo kila siku kumi au kumi na mbili tafuta mteremko wa mita 800 hadi 1,000 na uushuke kwa kukimbia. Wa mwisho uwe wiki mbili na nusu au tatu kabla ya mbio, usikaribie zaidi.

Namna ya kushuka: hatua fupi na za haraka, magoti yamelegea, mikono imetanuka kama ya mtoto anayetembea juu ya ukuta. Macho yatazame mita tatu au nne mbele; mguu utakumbuka jiwe ambalo macho yameshaliacha. Usiegemee nyuma kwa woga, maana kisigino kikiteleza unakaa chini kwa kishindo. Penye mawe madogo yaliyomeguka, acha kisigino kizame na uteleze nacho nusu hatua, kama unavyoshuka kwenye lundo la mchanga. Penye mawe makubwa ni kinyume chake: gusa kwanza, uzito baadaye, na jiwe lenye ukungu wa kijani likiwa limelowa ulikwepe hata kama ni kubwa kama meza. Mawe ya mteremko huporomoka, kwa hiyo usishuke ukiwa juu ya kichwa cha mwenzako. Ukiangusha jiwe, piga kelele.

Hatua ya 3: Kizoee kimo

Kwenye mita 3,350, msukumo wa hewa ni kama theluthi mbili ya ule wa usawa wa bahari. Mapafu yanavuta hewa ileile ila oksijeni iliyomo ndani ya kila pumzi ni pungufu. Mwendo wako wa kawaida utakuhemesha, usingizi utakatikakatika, hamu ya chakula itapungua.

Dawa ya kweli ni muda. Wiki mbili au tatu za kulala huko juu kabla ya mbio hubadilisha mambo waziwazi. Anayekosa nafasi hiyo afike na siku chache mkononi, apumzike, na aanze taratibu mno. Siku hizo za kwanza si za kujipima nguvu kwenye vilele.

Jua dalili za hatari. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu kidogo ni kawaida. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kuhema ukiwa umekaa, au kikohozi chenye povu si kawaida hata kidogo: ni ubongo au mapafu yanayojaa maji. Tiba ya kwanza ni kushuka, mara moja, ukiwa na mtu.

Hatua ya 4: Vifaa, kwa ufupi

Watu hupenda kuongea vifaa kuliko kupanda milima. Viatu viwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa sababu miguu itavimba, na soli yenye meno na ugumu wa kuzuia ncha za mawe. Jozi ya pili, nusu saizi kubwa zaidi, ikungoje kwenye begi la kituo cha baadaye. Vizuia kokoto, vile vitambaa vinavyofunika mdomo wa kiatu, nilivicheka zamani. Sivicheki tena.

Mgongoni beba koti la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa, shati la joto, glovu, kofia ya sufi, blanketi la dharura, filimbi, taa mbili, na maji ya lita moja na nusu. Kila kitu kiwe kimeshakimbiwa nacho angalau saa nne. Mwaka 1994 Juan Herrera, mtu wa kabila la Rarámuri kutoka Meksiko, alishinda Leadville kwa saa 17 na dakika 30 akiwa amevaa ndara. Alizizoea, hilo ndilo la kuiga.

Hatua ya 5: Lifundishe tumbo

Ukiniuliza kwa nini watu wenye miguu mizima huacha mbio hizi, nitakujibu tumbo kabla hujamaliza swali.

Lengo ni gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, tangu saa ya kwanza. Iwe jeli, kinywaji cha sukari, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, wali uliofinyangwa, mkate, yote sawa. Tumbo, kama paja, linafundishika. Anza mazoezini na gramu 40 kwa saa, ongeza kila wiki mbili. Weka saa yako ilie kila dakika 20, na ikilia ule, hata kama mandhari ni nzuri, hata kama unaongea na mtu.

Ukipanda kwa nguvu, damu inakimbilia kwenye misuli na kwenye ngozi kupoza mwili, na tumbo linabaki mkiwa. Chakula kinakaa palepale, kinavuta maji, unajisikia umejaa huku unakufa njaa. Hapo wengi hukosea kwa kuongeza jeli. Fanya hivi badala yake. Punguza mwendo uwe wa kutembea kabisa, hata kama njia inashuka. Kama ni joto, lowesha shingo na kofia. Achana na kitu chochote kitamu kwa dakika 15 au 20, uwe unasukutua kwa maji tu. Kisha supu ya chumvi, vijiko viwili vitatu, subiri, viwili vitatu tena. Ikitulia, kipande cha kiazi kilichochovywa chumvi, ukitafune mpaka kiwe uji. Baada ya nusu saa utajua. Na ukitapika usidhani yameisha: mara nyingi unasikia nafuu palepale, na una dakika kumi nzuri za kuanza kuingiza kidogo kidogo.

Maji kunywa kwa kiu. Kwa wengi ni kama nusu lita kwa saa, zaidi kukiwa na joto. Kosa la kunywa mno ni baya kuliko la kunywa kidogo: maji mengi yanazimua chumvi ya damu, vidole vinavimba, kichwa kinauma, mtu anachanganyikiwa, na hapo wasiojua humwongezea maji. Kama pete imebana na hujakojoa kwa saa nyingi, acha maji matupu, mwone muuguzi wa kituo.

Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni ziache nyumbani. Figo zako zina kazi ya kutosha kuchuja mabaki ya misuli iliyochanika.

Hatua ya 6: Maili thelathini za kwanza

Leadville huanza saa kumi alfajiri, Hardrock saa kumi na mbili asubuhi. Utakuwa umepumzika kwa wiki tatu, una nguvu za ndama, na watu watakupita. Waache. Kama katika mwinuko wa kwanza huwezi kuongea sentensi nzima, unakopa kwa riba. Kipimo changu ni hiki: kufikia maili ya 30 nione haya kidogo kwa jinsi ninavyokwenda polepole.

Asubuhi hiyo tengeneza mazoea utakayoyafuata usiku ukiwa huna akili. Kila kipito juu ya mlima, jikague kuanzia juu kwenda chini: kichwa kinauma? Nimekula lini? Kwapa na mapaja yanachubuka? Vidole vya miguu vinasemaje? Chochote kinachojibu, kishughulikie hapohapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku juu ukuta huo utaujenga saa nane ya usiku, vidole vikiwa ganzi.

Hatua ya 7: Miguu

Usiku wa kuamkia mbio, kucha zikatwe na kulainishwa kwa tupa kuelekea chini. Sehemu unazojua zinachubuka zibandikwe plasta ya kitambaa ikiwa ngozi ni kavu, kingo za plasta zikatwe mviringo zisikunjuke, na isiwe na kunyanzi hata moja. Mafuta mazito yapakwe kwingine, si chini ya plasta, maana haitashika.

Njiani ukisikia sehemu ya mguu inapata moto, una kama dakika kumi kabla halijawa lengelenge. Kaa. Vua kiatu na soksi. Pangusa vumbi, kausha, bandika, geuza soksi au badilisha, vaa, nenda. Dakika nne.

Likishatunga, usilibandue ngozi. Futa kwa kitambaa cha dawa, pangusa sindano kwa dawa hiyohiyo, litoboe pembeni upande wa chini, matundu mawili au matatu, ili kila hatua iyakamue maji. Bonyeza kwa kitambaa safi mpaka libaki bapa. Lifunike kwa kipande kidogo kisichonata, plasta juu yake, ukivuta kutoka nyayoni kwenda juu. Lengelenge lenye damu liache bila kutoboa kama linavumilika, kwa sababu ya hatari ya maambukizi. Lililo chini ya kucha ni kazi ya daktari wa kituo, wewe geuza uso utazame milima.

Maji ni adui wa pili. Hardrock ina vijito vingi na mto wa kuvuka kwa kamba karibu na Silverton, na theluji iliyobaki Julai hulowesha soksi kwa saa nyingi. Mguu uliolowa muda mrefu hukunjamana, kisha mikunjo hupasuka. Usihangaike kuvua viatu kila kijito. Ila kwenye kila begi la kituo weka soksi kavu na mafuta mazito, na ukikaa kula, miguu ikae nje ipate hewa.

Kwenye theluji ya asubuhi iliyoganda, piga teke utengeneze kingo za hatua, fimbo upande wa juu. Usiteleze kwa makalio kama huoni mteremko unaishia wapi.

Hatua ya 8: Radi

Julai na Agosti, mawingu ya milima hiyo hukusanyika baada ya saa sita mchana karibu kila siku. Mwaka 2014, katika Hardrock, mkimbiaji Adam Campbell na msindikizaji wake, yaani mtu anayeruhusiwa kukimbia naye, waliangushwa na radi kwenye kilele cha Handies; waliinuka, wakashuka mbio, na Campbell akamaliza wa tatu. Wewe usiombe bahati hiyo.

Hesabu kati ya mwako na ngurumo. Zikipungua sekunde 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 na huna sababu ya kupanda juu ya ukanda wa miti. Ngoja chini, umevaa kila ulicho nacho, ukila. Ikikukuta juu, shuka upande wowote ulio karibu; kushuka nyuma si kushindwa. Usikae chini ya mti mmoja uliosimama peke yake wala mdomoni mwa pango. Mkiwa wengi tawanyikeni. Nywele zikisimama au fimbo zikivuma kama nyuki, hakuna cha kufikiria tena, kimbia kuteremka. Saa moja ya kungoja imo ndani ya zile saa 48. Iweke kwenye hesabu yako tangu nyumbani.

Hatua ya 9: Usiku

Vaa kabla hujaona baridi. Kosa ni kutoka kituoni na shati lenye jasho ukidhani mwinuko utakupasha. Utakupasha, kisha kule juu upepo utakukuta umelowa, hewa ikiwa karibu na kuganda. Badilisha shati kituoni, koti juu, glovu mfukoni.

Taa ya kichwani ya lumeni 200 hadi 400 inatosha, lakini taa ya pili kiunoni ni siri ninayoitoa bure: mwanga unaotoka chini unayapa mawe kivuli, unaona kimo chake. Betri hulegea kwenye baridi, za akiba ziweke karibu na mwili.

Kahawa na vidonge vya kafeini viache mpaka baada ya saa sita usiku. Ukianza kuyumba, lala kituoni dakika 15, ukimwomba mtu akuamshe. Usilale kwenye kipito cha mlima. Usiku wa pili, kwa wanaoufikia, mauzauza huja. Niliwahi kumpa shikamoo mzee aliyeketi kando ya njia, nikasimama kungoja aitikie. Kilikuwa kisiki. Mauzauza yenyewe hayadhuru. Yanayodhuru ni kupotea njia, kwa hiyo kila ukikosa alama ya njia kwa dakika tano, simama, rudi mpaka uliyoiona mwisho.

Hatua ya 10: Watu wako

Wasaidizi wawili wanatosha, na mmoja tu ndiye asemaye. Mpe orodha iliyoandikwa kwa kila kituo: chupa zijazwe nini, soksi zipi, taa lini. Asikuulize unajisikiaje, maana utamjibu ukweli. Akuulize umekula nini tangu kituo kilichopita, umekojoa lini, mguu gani unauma. Dakika tano, kisha akuinue.

Msindikizaji, anayeruhusiwa nusu ya pili ya mbio, awe mtu mwepesi wa kunyamaza. Kazi yake ni njia, saa na chakula. Leadville anaruhusiwa hata kukubebea mzigo, kwa kumbukumbu ya nyumbu wa wachimba madini wa zamani. Kwingineko unaweza kuondolewa mbioni kwa jambo hilohilo. Soma kanuni.

Hatua ya 11: Kuacha au kuendelea

Kuna maumivu na kuna hatari. Mapaja yaliyokufa, malengelenge, kichefuchefu, kilio kisicho na sababu, kuwachukia wote waliokushauri kujiandikisha: hayo ni maumivu. Kwa hayo, kanuni yangu ni kutoamua nikiwa nimekaa. Kula, vaa nguo kavu, toka kituoni kwa kutembea. Ukifika kwenye kona ya kwanza bado unataka kurudi, rudi. Mimi sijarudi bado.

Hatari ni hizi: mkojo wa rangi ya kahawa nzito au kutokojoa kabisa, kuchanganyikiwa, kifua kinachobana, kutetemeka kusikoisha au kulikokoma ghafla bila kupata joto, mfupa unaouma mahali pamoja palepale kila ukikanyaga. Hapo umemaliza, bila aibu. Mwaka 2017 Kilian Jornet, mkimbiaji maarufu wa milimani, aliteguka bega mapema, akalirudisha mwenyewe, akafunga mkono na kushinda Hardrock. Hadithi hiyo hupendwa na watu wanaotafuta sababu ya kuendelea na jeraha lisilofaa. Yeye amekulia milimani na alijua anachokifanya.

Hatua ya 12: Baada ya mstari

Silverton hakuna utepe wa kukata: unaliinamia jiwe kubwa lililochorwa kichwa cha kondoo dume wa milimani, unalibusu, ndipo saa yako inasimama. Tafuta kiti karibu kabla hujainama.

Vaa nguo za joto dakika hiyohiyo, hata kama jua linawaka, kwa sababu mwili ukiacha kufanya kazi hupoa kwa kasi. Kula chumvi na wanga kidogo kidogo, kunywa kwa kiu, endelea kuangalia mkojo kwa siku mbili. Vifundo vitavimba, ni kawaida, inua miguu. Usikimbie kwa wiki mbili hata ukijisikia mzima. Ufunguo wa gari akae nao mtu mwingine mpaka utakapolala usiku mzima, na hili si ombi, kwani mauzauza ya njiani hufuata mpaka barabarani.

Plasta za miguu usizibandue zikiwa kavu. Tia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, ingoje nusu saa, kisha zivute taratibu kufuata upande wa ngozi, zitoke bila kuondoka na kisigino.